Uzinduzi wa Jeki Kuu ya Mitumbwi, Mwigobero

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, waheshimiwa wenyeviti na makamu wenyeviti kutoka Bunda na Butiama, makatibu wastaafu na wanaokaribia kustaafu, viongozi wetu wa dini, kinamama wauza dagaa, ndugu wavuvi, na wewe Mama Petronila uliyesimama majini huku umeshikilia mtumbwi wako unaovuja: itifaki imezingatiwa! (Makofi. Mama Petronila hapigi. Mikono yake ina kazi.)

Mimi, Magige, Mwenyekiti wa Kamati ya Kunyanyua, nimesimama mwaloni hapa kwa unyenyekevu ambao wengi wameusifu, ili kuzindua Jeki Kuu ya Parafujo, hii iliyofunikwa turubai nyuma yangu, ambayo kwa mujibu wa fizibiliti stadi itanyanyua mtumbwi wowote ili fundi azibe matundu bila kulowa, na ndiyo maana tangu masika nilipiga marufuku kukokota mitumbwi nchi kavu kwa mikono, kwa kuwa huo ni ushamba. (Mama Petronila: "Na wangu unazama, Mheshimiwa!") Subira, mama, tunaingia kwenye hesabu.

Mtumbwi wa tani moja unavuta chini kwa kani ya nyutoni elfu kumi. Parafujo yetu ni kama njia ya kupanda kilima iliyozungushwa kwenye nguzo: unazunguka sana, unapanda kidogo, lakini huchoki, kwa hiyo ukizungusha mpini wa mita moja unatumia nguvu ya kunyanyua birika la chai, jambo ambalo asilimia mia moja na ishirini ya wananchi wanaliweza. (Makofi.) Enjinia wetu Amini alidai tuhesabu na msuguano, eti birika litageuka ndoo ya lita tano. Nikamwambia, "Bwana mdogo, msuguano haumo kwenye bajeti. Ufute." Akasema, "Mheshimiwa, tukiufuta, mpini ukiachiwa tu mtumbwi unateremka wenyewe. Msuguano ndio unaoushikilia juu." Ndugu zangu, hapo nikaielewa fizikia! Nikaurudisha saa ile ile, maana hata mimi niko juu miaka yote hii na hakuna anayenishikilia. (Kicheko. Sauti kutoka nyuma: "Tunajua!")

(Mama Petronila: "Baba Mwenyekiti, maji yamefika kwenye ubao wa kukalia! Hiyo jeki iko wapi?" Watu: "Fungua turubai! Fungua!")

Swali zuri, liko kwenye mchakato. Zamani mitumbwi ilikuwaga inanyanyuliwa bila hesabu. Leo hesabu tunayo, bado kunyanyua tu. Mwigobero juu! (Juu!) Mitumbwi juu! ("Wangu uko chini!") Msuguano oyee! (Oyee, kwa mbali.)

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru Bi Faudhia aliyetuazima turubai hili refu lenye heshima. Namshukuru Mungu kwa kuzuia upepo. Na kwa namna ya pekee nawashukuru Fredy na wenzake, waliosimama ndani yake tangu asubuhi wakiwa wamebebana mabegani, hadi likapata umbo la jeki. (Turubai linatikisika. Sauti kutoka ndani: "Mzee, tumechoka! Na huyo mama tunamsikia!") Basi tokeni, wanangu, lakini kwa kufuata itifaki, mkianza na...

(Turubai linaanguka. Vijana wanakimbilia majini. "Shika kamba, mama! Haya, wote! Vutaaa!" Wauza dagaa wanaacha mabeseni yao na kuungana nao. Mtumbwi unapanda mchangani, ukimwaga maji.)

Ndugu wananchi, kama mnavyojionea, jeki inafanya kazi! Asanteni kwa kunisikiliza.

(Wote wameshika kamba.)