Jina Langu Chini ya Sahani

Jumatatu, 3 Juni
Leo nimeingia makumbusho ya vyombo, kule kwenye kasri la zamani, mara ya kwanza tangu yafunguliwe. Sikufuata vyombo. Nilifuata uvumi. Ni kweli! Chumba cha juu, ndani ya kioo, bakuli lenye ufa, na mbele yake kibao cha mbao: "Bakuli la ukoo wa Abdulswamad Sadallah." Abdulswamad! Muuza mabati! Aliyemposa Mwajabu siku tatu baada yangu! Sasa Mzee Maulidi, mjomba wa Mwajabu, anatangaza msikitini kwamba mpwa wake haolewi ila na mtu mwenye asili, na asili siku hizi inasomeka kwenye kibao. Majibu ya posa ni Ijumaa baada ya swala. Nampenda Mwajabu mpaka chakula hakipiti. (Leo kimepita kidogo. Palikuwa na pweza.)

Jumanne, 4 Juni
Nimepata! Shangazi Bimdogo, ninayeishi kwake, ana sahani ya kuandikia kombe. Huandika aya kwa zafarani, huziosha kwa marashi, mgonjwa hunywa, hupoa. Nyeupe, maua ya buluu, inatosha pilau ya watu sita. Aliirithi kwa bibi yake. Nikamwomba. Akasema nikiigusa ataniandikia kombe la kunitoa ujinga, ila anahofia zafarani haitatosha. Kisha akaondoka kwenda harusini Kiwangwa, mpaka Alhamisi. Basi nimeiazima bila kumsumbua.

Jumatano, 5 Juni
Balaa! Nimeigeuza sahani nipanguse vumbi. Chini imeandikwa Kichina! Herufi sita! Miaka yote hii watu wanaponea kwenye sahani ya Mchina! Nani asiyejua mambo ya Mchina? Redio yangu ya Mchina ilidumu wiki. Ndala zangu za Mchina zilikatika siku ya Idd, mbele ya watu. Maskini bibi yake Shangazi, aliuziwa feki, na aibu naibeba mimi.

Lakini akili ni mali. Nimenunua msasa. Nimesugua tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi. Ngumu hizo herufi, haki ya Mungu! Kitu cha Mchina hakiwi kigumu hivyo. Hilo lilinishangaza, ila sikulitilia maanani. Mahali pake nimeandika kwa rangi ya kucha: "Tunu ya Sultani kwa babu yake Shamsudin." Safi kabisa.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeifikisha kasrini. Mkuu wa makumbusho ni Bi Genoveva, mtu wa bara, mpole mpaka unamwogopa. Akaishika kwa mikono miwili. Akasema haijapata kuingia sahani nzuri kama hii tangu wafungue. Mwili ukanisisimka! Akaigeuza. Akauliza alama iko wapi. Nikamwambia alama gani tena, mama, hii si ya Mchina, nakuapia!

Akanizungusha kabati kwa kabati nisome vibao. China. China. China, miaka mia tatu. China. Hata bakuli la Abdulswamad, China! Akanieleza kwamba wakubwa wa pwani zamani walipachika sahani za China kwenye kuta zao, na hata makaburini, ili wajulikane ni watu. Na ile alama, zile herufi za chini, ndiyo ingesema sahani ni ya zama za mfalme gani. Nikauliza kama haiwezi kuandikwa upya, maana rangi ya kucha imebaki. Bi Genoveva akatoka nje kidogo. Sahani hakunirudishia.

Jioni Shangazi akarudi, akakuta msumari wa sahani mtupu ukutani. Nilijiandaa kwa matusi. Hakutukana. Alikaa kwenye mkeka akalia, akasema bibi yake aliileta toka Pangani kaibeba kichwani, haikupata hata mkwaruzo. Niliumia sana. Niliumia karibu mpaka chakula cha usiku.

Ijumaa, 7 Juni
Majibu ya posa yametoka. Abdulswamad.

Mwajabu mwenyewe ameniletea ujumbe kwa simu. Anasema mimi angenikubali hata bila kibao, na alikwisha kumwambia mjomba wake hivyo. Ila mtu anayemwibia shangazi yake, hapana. Nimeusoma mara tatu. Naona ile "angenikubali" bado ina nafasi ndani yake.

Ijumaa, 14 Juni
Shangazi ameamua sahani ibaki kasrini. Anasema kule kuna kioo na kufuli, na nyumbani kuna mimi. Anaandikia kombe kwenye sahani ya kuazima kwa jirani, na mimi hanisemeshi, ananisukumia chakula tu.

Nimekwenda kuitazama. Imekaa katikati ya chumba, bakuli la Abdulswamad limesogezwa pembeni! Na kibao, jamani! Jina langu! Kamili! "Sahani ya Bi Bimdogo, kutoka China. Alama ya chini ilifutwa kwa msasa na mtoto wa kaka yake, Shamsudin Farhan."

Nimesimama pale nikafikiri kwa utulivu. Harusi yao ni baada ya Idd. Mzee Maulidi bado hajafika kasrini. Kibao ni cha mbao laini, na kiko nje ya kioo. Maneno ya katikati tu ndiyo yenye kasoro. Yakiondoka hayo, itasomeka: "Sahani ya Shamsudin Farhan."

Nimerudi nyumbani mbio. Msasa umebaki kipande.