Uzinduzi wa Kituo cha Mbwa Wanaokohoa, Chemchem

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa. Waheshimiwa wajumbe mliopo na mliotuma udhuru. Mapadri, wachungaji na masheikh. Wawakilishi wa wenye mbwa na wa walioumwa na mbwa. Itifaki imezingatiwa, na mimi, Mratibu wa Muda wa Kudumu wa Mkakati wa Kikohozi cha Mbwa, nimejizingatia mwenyewe. (Makofi.)

Mji huu ulipokea misafara ya maelfu ya watu waendao pwani na waendao ziwani, lakini hatuna kumbukumbu ya mbwa hata mmoja aliyepewa chumba, ndiyo maana ofisi yangu, kwa kushirikisha wadau, semina saba na miradi miwili ya majaribio, imekuja na Kituo hiki cha kisasa cha kulaza mbwa ambao wamiliki wao wamesafiri, chenye wodi ya kutenga wenye kikohozi, ambapo maambukizi yameshuka kwa asilimia mia moja na kumi na mbili tangu tulipoacha kuyapima. (Mbwa wanakohoa.) Asanteni. Mnawasikia wanavyotuunga mkono.

Kuhusu kutenga, daktari wa mifugo alishauri mgonjwa akae mbali na mzima, ila fomu yetu ina safu ya kata na haina safu ya ugonjwa, hivyo tumewatenga kikata: wa Chemchem na wa Chemchem, wa Kitete na wa Kitete. (Vicheko. Mwenyekiti anawatazama waliocheka.)

Bi Godeliva amenyoosha mkono mara ya nne. Haya, sema, Mama.

("Mheshimiwa, hawa watano wanaokohoa nilishawafunga nyuma ya nyumba, na bakuli zao. Watu wako wamewaleta hapa wanywe maji na wazima ili mpige picha. Kuna watoto wawili wa mbwa, Mzee Limbu kaniachia mpaka Jumapili. Bado wadogo, kikohozi hiki kitawaua. Naomba niwatenge sasa hivi.")

Hoja nimeipokea, itaingia kwenye andiko la mradi, lakini picha ya Kituo bila mbwa ni picha ya ukuta, Mama, kwa hiyo tuvumiliane, maana katika awamu ya pili kila kata itakuwa na wodi, kila wodi na bakuli, kila bakuli na mbwa wake. (Mbwa wanakohoa. Safari hii na mtoto mmoja wa mbwa.) Hata chipukizi wanaafiki.

Semeni nami. Kikohozi! (Watu: "Nje!") Mbwa! (Watu: "Ndani!") Mratibu! (Kimya.)

Kwa kuhitimisha, namshukuru Bi Godeliva kwa kutuazima ua wake, mabanda aliyojenga mwenyewe, mbwa alioachiwa na majirani na kiti hiki nilichosimama juu yake. Na wewe Ndugu Shilinde wa ofisi yangu, kibao cha Kituo king'olewe taratibu rangi isibanduke, utepe ukunjwe, treni ya Mwanza haitusubiri na kesho tunakizindua Bukene. Mama, sasa unaruhusiwa kutenga.

(Bi Godeliva alishaanza. Anapita mbele ya meza kuu na watoto wawili wa mbwa, anayekohoa mkono wa kushoto, mzima mkono wa kulia, mikono yote miwili ameitanua kadiri inavyofika.)