Asidi ya Mama Peremende

Tuyamalize haya mapema ili tusichoshane: siku ile mjinga alikuwa Kinanda. Majirani nao walijipakulia ujinga wa kutosha, lakini sufuria aliikomba yeye.

Waliomwita Kinanda hawakumwonea. Ukimbonyeza huku analia harusi, ukimbonyeza kule analia msiba. Alikuwa ameshauza maji ya bomba kama dawa ya kufufua betri, na ameshakodisha viti vya ukumbi ambao hata msingi haujachimbwa. Kazi ya mikono aliiogopa kama ukoma.

Bahati yake, au tuseme mkosi uliovaa nguo za bahati, ilianzia kwenye kiti cha kinyozi. Hapo alimsikia muuza vidonge vya mitishamba akilalamika kwamba amechoka kufinyanga vidonge kwa vidole, anatafuta mashine ya kugandamizia, na bei si tatizo. Kinanda akatoka na kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado. Alijua ilipo mashine ya namna hiyo. Ilikuwa katika chumba cha mbele cha Mama Peremende, mjane aliyerithi kwa marehemu mumewe mashine hiyo yenye kalibu kumi na mbili, mtaji wa sukari na mnanaa, na wateja wa mtaa mzima. Mashine ikishuka, tap, peremende kumi na mbili. Ikipanda, ikishuka, tap, nyingine.

Mjane hakuwa anauza mashine. Lakini Kinanda, akiwa amesimama mlangoni na peremende ya kuonja shavuni, aliona juu ya rafu kopo lenye chenga nyeupe, limeandikwa kwa herufi nene: ASIDI YA STEARIKI. Moyo ukamruka kama paka aliyekanyagwa mkia.

Sasa, tumpe haki yake. Mjanja mvivu ni kibaka tu, na Kinanda hakuwa mvivu wa kichwa. Siku mbili aliuliza huku na huku, akasoma. Akajua kwamba asidi ile ina jina la kutisha tu. Ni mafuta yaliyoganda, yamo kwenye shahamu ya ng'ombe na kwenye siagi ya kakao. Huifanya sabuni iwe ngumu, huufanya mshumaa usipinde kwa joto, na ukitia kidogo kwenye unga wa vidonge, vidonge havinati kwenye kalibu. Mwili huipokea kama unavyopokea mafuta mengine ya chakula. Kinanda alifunga daftari kwa furaha. Ukweli ni kitu kizuri sana kuujua. Humwonyesha mtu pa kuufichia.

Akauza pikipiki yake ili apate mtaji. Akanunua koti jeupe la mchinjaji lililofuliwa mara tatu, akavaa miwani ya vioo vitupu, akaenda asubuhi wakati wateja wamejaa. Mlango aliuacha wazi kwa makusudi.

"Hodi hapa! Mkaguzi wa vyakula!"

"Karibu, mwanangu," alisema Mama Peremende bila kusimamisha mashine. Tap.

"Mama, hili kopo ni la nini?"

"Ndilo linalofanya peremende zisishike kwenye kalibu. Bila hilo ni ugomvi mtupu."

"Soma hapo mbele. Soma kwa sauti."

Mama akasoma. Liliposikika neno asidi, mteja mmoja akasita kutafuna.

"Asidi!" Kinanda akapaza sauti hadi ng'ambo ya barabara. "Mnajua asidi nyinyi? Ile ya kwenye betri ya gari! Hii ni binamu yake, mtoto wa baba mdogo!"

Ptu! Ptu! Sakafu ikapambwa peremende.

"Miaka kumi na tisa naishika kwa mikono hii," mjane alisema. "Mbona haijanichoma?"

"Inaanzia ndani, mama. Anayeliwa na asidi hasikii. Hata chuma chako hicho kimeshaliwa." Akaigonga mashine kwa kalamu, akatega sikio kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa asiye na ndugu. "Umesikia? Tupu! Utumbo wake umeisha."

"Mimi mwanangu amekula kumi jana!" akalia mama mmoja.

"Mpe maziwa, dada, umwombee," alisema Kinanda kwa huruma kubwa. Kisha, ili watu washibe, akalichukua lile kopo, akatoka nalo kwa mikono iliyonyooshwa kama amebeba nyoka, akalimwaga lote mtaroni. Watu wakampigia makofi. Ogopa makofi, ndugu yangu. Huja kabla ya hesabu.

Mjane alitazama chumba kilichobaki kitupu. Akaitazama na mashine.

"Sasa nifanyeje?"

"Ijumaa wakubwa zangu wanakuja kufunga hapa na kuichukua mashine bure. Lakini mimi nina moyo. Kama chuma chakavu, naweza kukupa kitu. Iliyoliwa ni iliyoliwa, lakini usitoke mikono mitupu."

Kinanda alianzia robo ya kitita alichouzia pikipiki, akasema ndiyo bei ya mashine iliyoliwa utumbo, wakavutana. Mjane alikaza, Kinanda akalegeza, na kitita cha pikipiki chote kikahamia kwa mama. Hata hivyo ilikuwa robo tu ya thamani ya mashine, na Kinanda alipoisukuma kwenye mkokoteni alikuwa anapiga mluzi.

Muuza vidonge alimpokea akiwa amesimama mbali, mikono nyuma.

"Ndiyo hiyo ya asidi?"

"Asidi gani, kaka?"

"Mke wangu kanihadithia. Alikuwepo. Mtaalamu kasema imeliwa utumbo."

Kinanda akakohoa. "Yule mtaalamu alitia chumvi. Ile asidi ni mafuta, kaka yangu. Ni shahamu. Imo kwenye sabuni unayoogea, kwenye mshumaa, kwenye vidonge vya hospitali!"

"Umejuaje yote hayo?"

"Nimesoma."

"Basi tuijaribu."

Wakatia unga wa mitishamba. Mashine ikashuka, tap, ikanyanyuka na mdomo umejaa uji wa kijani. Ikashuka tena, ikakwama. Unga ulikuwa umeng'ang'ania kalibu kama mwanandugu aliyekuja kusalimia na mabegi. Kilichokosekana ni kijiko kimoja cha chenga nyeupe, na chenga zote zilikuwa mtaroni, zimemwagwa na mtu tunayemfahamu.

"Umeona?" alisema muuza vidonge. "Imeliwa. Toa mzoga wako hapa."

Siku tatu Kinanda alizunguka na mkokoteni. Kila mlango ulikuwa umeshasikia. Uongo wake ulikuwa na miguu mirefu kuliko yake. Siku ya nne akarudi kwa mjane, koti alilofutia kalibu likiwa na uji wa kijani kifuani, akamkuta amekaa kwenye chumba kitupu, hana mteja hata wa kuuliza saa.

"Mama, chukua mashine yako. Nirudishie changu, tusameheane."

"Niichukue nimuuzie nani peremende? Watu umewatapisha. Waite uliowafukuza. Simama palepale uliposimama, uwaambie."

"Mama, aibu hiyo..."

"Basi endelea kusukuma."

Kinanda akawaita. Wakaja wote, maana hakuna anayekosa kutazama aibu ya mwenzake. Akawaeleza shahamu, kakao, sabuni, mshumaa, vidonge, yote aliyoyasoma, na kwa mara ya kwanza maishani alisema kweli nusu saa nzima, akitokwa jasho kama anayeibeba mgongoni.

"Maneno tu!" akapaza sauti mama wa yule mtoto wa peremende kumi. "Ale tuone!"

Mjane akafungua kopo jipya alilonunua wakati Kinanda akiwaita watu, akachota kijiko, akampa. Kinanda akatafuna. Mdomo ukajaa nta, meno yakateleza, macho yakamtoka, lakini akameza.

"Yu hai," mtu mmoja alisema kwa masikitiko kidogo.

Mama wa mtoto akacheka, akaagiza peremende ishirini. Nyuma yake foleni ikajipanga hadi barabarani. Mjane akairudisha mashine mahali pake, akatia chenga, tap, kumi na mbili, safi. Kisha akamhesabia Kinanda noti chache mkononi.

"Mama, hii ni robo ya nilichokupa!"

"Ndiyo bei uliyoitaja mwenyewe mwanzo, ya mashine iliyoliwa utumbo."

"Lakini nimethibitisha sasa hivi, mbele ya watu wote, kwamba haijaliwa na kitu!"

"Hayo umewaambia wateja, mwanangu," alisema Mama Peremende, mkono kwenye mashine. "Mimi uliniambia imeliwa, na mimi nikishamwamini mtaalamu sigeuki."