Milango Mitatu, Faili Moja

Jumatatu, 3 Machi

Leo ni leo! Nimefunga saluni saa nne asubuhi na kumwacha mteja kanyolewa nusu kichwa. Amelalamika sana. Atarudi tu, ataenda wapi na nusu kichwa?

Shabaha yangu: nafasi ya mwisho katika darasa la asubuhi la watoto, pale Kituo cha Familia. Binti yangu ana miaka mitatu na nusu na hajatamka neno. Anaelekeza kidole tu, ndiyo maana tunamwita Kidole. Mama mkwe ametangaza kuwa mwezi huu ukiisha bila mabadiliko, anamchukua akamlee mwenyewe. Eti mimi na mke wangu tumezidiwa na mapacha. Mapacha wana wiki saba. Tumezidiwa, sikatai. Lakini kumtoa Kidole hapa nyumbani? Thubutu!

Kituo kina ukumbi mmoja na milango mitatu: wa nesi, wa mwalimu, wa afisa ustawi. Milango mitatu, bahati tatu! Miaka kumi na miwili ya kunyoa watu imenifundisha kumpa kila mtu anachotaka kusikia. Nesi nikamwambia mtoto hagusi chakula. Mwalimu nikamwambia mtoto ana akili za ajabu, nyumbani anahesabu hadi hamsini, ila mbele za watu ana haya. Afisa ustawi nikamwambia mama yake ametukimbia. Akanipa kitambaa nifute machozi. Nikafuta. Hongera kwangu.

Jumanne, 4 Machi

Pigo. Nesi alimwita Kidole apimwe uzito. Asubuhi nilikuwa nimemfundisha kutikisa kichwa akipewa chakula. Mazoezi mara tano, mara zote ametikisa vizuri, mtoto mwelevu. Kufika tu, akala ndizi ya nesi. Akala na ya pili. Kisha akaelekeza kidole kwenye mkoba, ilikokuwa ya tatu.

Nesi akasema kwa mtoto asiyegusa chakula, ana mashavu ya kuridhisha. Nikasema ule ni uvimbe. Akamchungulia masikio, kisha akaandika kwa muda mrefu kwenye faili la bluu. Wakati wa kutoka nikamwona mwalimu naye kashika faili la bluu. Nikajisemea, kumbe hapa wananunua mafaili ya rangi moja.

Jirani yangu, fundi cherehani, ambaye mwanawe ameshaingia darasani, akanisimamisha ngazini. Anadai yeye alieleza shida yake mara moja tu, kwa mtu mmoja, kama ilivyo, na wote wakajua. Muongo mkubwa! Ananificha mbinu zake.

Jumatano, 5 Machi

Yamenikuta. Saa tano asubuhi, hodi. Nikachungulia dirishani: nesi, mwalimu na afisa ustawi, wote watatu, na faili la bluu. Moja! Nikazama nyuma ya pazia la sebuleni, kati ya nepi mbili zilizoanikwa.

Mke wangu akafungua, pacha mmoja begani, mwingine mkononi. Afisa akamuuliza kwa upole yeye ni nani. Akajibu ni mama wa nyumba hii. Afisa akasoma kwenye faili kwamba mama wa nyumba hii amekimbia. Mke wangu akauliza amekimbilia wapi jamani, maana tangu ajifungue, ukiacha kuwapeleka mapacha kupimwa, hajafika hata dukani.

Wakauliza mimi niko wapi. Mke wangu akasema hata yeye angependa kujua. Hapo Kidole akanyoosha kidole kwenye pazia. Nikabana pumzi. Halafu, kwa sauti kubwa na safi kabisa: Baba!

Akarudia: Baba! Baba!

Nilitoka na pazia shingoni na nepi kichwani. Nikapiga magoti nikamkumbatia nikalia. Mke wangu akalia, mapacha wakalia, mwalimu akatafuta kitambaa. Furaha niliyoipata sina pa kuiweka. Sijawahi kuchongewa kwa utamu namna ile.

Nikatubu yote. Nikasema niliogopa mwanangu hatasema kamwe, na bibi yake ataondoka naye. Afisa akasema hayo tu yangetosha siku ya Jumatatu. Kumbe mke wangu alishamweleza nesi kila kitu siku mapacha walipopimwa! Nesi akaandika, wenzake wakasoma, nafasi ya Kidole ikawekwa tangu wiki iliyopita. Hadithi zangu tatu ndizo zilizowachanganya. Walikuja kumtafuta huyo mtoto mwingine, mwenye njaa na asiye na mama.

Nesi akaeleza pia kwamba sikio la kushoto la Kidole limeziba, ameshamwombea miadi ya kupimwa. Na kuna mama atakuja mara mbili kwa wiki kutusaidia kulea mapacha. Mke wangu ameninunia hadi jioni. Kisha akaikumbuka nepi, akacheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi, 6 Machi

Kidole ameingia darasani! Mwalimu ni Baba. Mlango ni Baba. Ndizi nayo ni Baba. Sioni kosa lolote.

Mama mkwe alipiga simu, nikamwekea Kidole kwenye sikio la kulia. Baba! Mama mkwe akalia kwa furaha, akasema basi mtoto abaki kwao. Yeye ndiye atakuja kukaa nasi, wiki tatu. Sijui kama nimeshinda.

Ijumaa, 7 Machi

Kituo kinaunda kikundi cha akina baba na kinatafuta mwenyekiti. Fundi cherehani anautaka uenyekiti. Hata yule mteja wangu wa nusu kichwa anautaka, na kofia yake!

Mambo ya kusema kwa mdomo basi, nimekoma. Sasa naandika. Nimetunga barua tatu za kunipendekeza: moja ya mama wa watoto sita, moja ya mwalimu mstaafu, moja ya wazazi wenye shukrani. Mwandiko wangu mzuri, kalamu yangu ya kijani. Nimezitumbukiza zote kwenye sanduku la maoni pale ukumbini. Watajuaje?