Kufunguliwa kwa Kisu cha Bundala wa Ngulyati

Jongeeni, enyi mpendao habari za vita; mwenye kutafuna na ameze, mwenye mtoto aliaye na amnyamazishe. Leo hayatajwi majeshi wala wafalme, bali jambo zito kuliko hayo: namna Bundala, simba wa Ngulyati, mbabe wa ekari sita za pamba, alivyokifungua kisu chake cha kukunja mbele ya ukoo mzima, siku ya Jumapili, mwezi wa Agosti, mwaka 1995, wilayani Bariadi, ambayo wakati huo ilihesabiwa mkoa wa Shinyanga.

Kwanza ijulikane sheria ya nyumba ile. Kila pamba ilipokwisha kuuzwa, ukoo ulikutana, mbuzi akachinjwa, na ini likachomwa peke yake. Hakuna aliyeligusa mpaka mkubwa wa ukoo atoe kisu mfukoni mwake, akifungue kwa mkono wake mwenyewe, akate kipande cha kwanza na kukila. Akishindwa, ini lilipita kwa anayemfuata, na pamoja na ini likapita neno la mwisho juu ya mahari, mipaka ya mashamba na majina ya watoto. Mkubwa alikuwa Bundala. Aliyemfuata alikuwa mdogo wake, Shigela, ambaye kwa hesabu sahihi alikuwa amesubiri miaka ishirini na mitatu.

Kisu chenyewe kilinunuliwa na marehemu baba yao mwaka 1952, katika duka la Mhindi pale mjini. Kikikunjwa, kilienea kiganjani barabara. Mpini ulikuwa wa pembe, umeshikwa kwa misumari mitatu, miwili ya shaba na mmoja wa kipande cha spoku ya baiskeli; na ubavuni palikuwa na kibonde ambacho hakikuchongwa na fundi yeyote, bali na gumba la baba kwa miaka ishirini, kisha na gumba la mwana kwa hiyo mingine.

Sasa sikieni kosa, maana hakuna vita visivyo na kosa. Baba yao alikuwa akikipaka kisu samli ili kisishike kutu. Masika ya mwaka ule Bundala alisimama mbele ya sanduku lake akatamka, peke yake, kwa sauti kuu: “Pamba imenijengea nyumba. Pamba imenisomeshea watoto. Itashindwaje kunilindia kisu?” Akakipaka mafuta ya mbegu za pamba, mara tatu, bila uchoyo, akakifunga sandukuni miezi minne. Na mafuta ya pamba, kama ajuavyo kila mpika maandazi, yakiachwa muda mrefu huganda yakawa gundi.

Ikafika saa saba mchana. Ini likaletwa kwenye sinia. Bundala akasimama, akaingiza mkono mfukoni kama mtu achomoaye upanga, akapachika ukucha wa gumba la kulia kwenye mfuo wa bapa, akavuta. Kisu hakikutikisika. Akavuta tena, mishipa ya shingo ikasimama. Safari ya tatu ukucha ukavunjika, ukaruka, ukaangukia karibu na ini.

Ndipo Shigela akainuka. Mfukoni mwake mlikuwa na kisu chekundu cha plastiki, kilichoingia Bariadi pamoja na soko huria. Akakibonyeza, kikachomoka chenyewe, chwap!

“Kaka yangu,” akasema, akiwageukia watu wote, “mimi sisemi umezeeka. Nani kasema amezeeka? Nasema tu, zama zile tulisubiri chama cha ushirika kije kipime pamba yetu, na zama hizi wanunuzi wanatufuata mpaka mlangoni. Kila kitu sasa kinafunguka. Isipokuwa hicho.”

Watu wakacheka mpaka kuku wakakimbia.

“Namhala, mzee wetu, fanya haraka!” akapaza Machibya, mjomba wao, mwenye meno manne na njaa ya watu wanane. “Ini linakauka! Piganeni tukishakula!”

 Gumba la Bundala lilikuwa limeingia kwenye kile kibonde bila kuambiwa, na pembe ile ilikuwa laini, yenye uvuguvugu wa mfuko. Naye akaona mguu. Ulikuwa mguu wa msichana wa Mwamapalala, mwaka 1968, wenye mwiba wa mgunga kisiginoni, na yeye amepiga magoti akiuchokoa kwa kisu hiki, alichokiazima kwa baba yake. Msichana hakulia. Alisema tu, “Kisu ni kizuri. Mwenye nacho bado sijamjua.” Mwaka uliofuata walifunga ndoa. Ukweli lazima usemwe: kumbukumbu hiyo haikusaidia chochote katika kufungua kisu.

Aliyesaidia ni msichana mwenyewe, Domitila, sasa mama wa watoto saba, aliyetoka jikoni akifuta mikono, akakichukua kisu na kukinusa.

“Baba Paschal, hiki umekipaka nini?”

“Mafuta.”

“Mafuta gani?”

Shujaa akatazama zizi la ng'ombe. “Ya pamba.”

“Haya! Na sufuria langu likigandwa na mafuta hayo, huwa nalitia motoni. Kizee hiki kimeshikwa na baridi. Kipeleke kikaote moto na wazee wenzake.”

“Hapana!” Shigela akaruka. “Sheria inasema mkono! Nani alisikia habari za moto?”

Bundala akajinyoosha, akanguruma: “Shigela, mtoto wa mama yangu! Baba alisema nifungue kwa mkono. Je, alisema mkono uwe wa baridi?”

Macho yote yakamgeukia Machibya. “Moto ni wa mbuzi,” akaamua upesi, “na mbuzi ni wa ukoo. Ota!”

Basi mbabe akachuchumaa penye makaa, akakigeuza kisu kama mtu achomaye hindi, mpaka pembe ikaanza kutoa harufu. Akasimama. Ukucha wa kulia ulikuwa umekwisha kufa vitani. Akaleta wa kushoto, askari wa akiba, maana sheria haikutaja upande. Akavuta. Bapa likasogea upana wa punje ya mtama. Gundi ikavutika kama uzi wa buibui. Kisha, ta! Sauti ile ile ya mwaka 1952, na hata Shigela, aliyekua akiisikia, akashusha pumzi kabla hajajizuia.

Ndivyo ini lilivyokatwa na Bundala, Mshinda Gundi, Mlinzi wa Mipaka na Mpaji Majina. Akakata kipande cha upana wa vidole viwili, akakitafuna huku ukoo ukisubiri. Kilikuwa cha baridi, na kilikuwa na ladha kali ya mafuta ya pamba. Akatangaza kwamba hakijapata kuliwa kitamu kama hicho. Na kwa kuwa neno la mwisho lilikuwa bado lake, ndivyo ilivyokubaliwa.