Kadi ya Mkuu wa Familia

Kwa furaha kubwa na kwa kuzingatia maslahi mapana ya wahusika wote, Ofisi ya Mkurugenzi Mkuu wa Pepo Nne Usafirishaji ilitangaza kuundwa kwa Kamati ya Uteuzi wa Kadi. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa friji, kwa kuwa hapakuwa na sehemu nyingine ya ofisi iliyotembelewa na watu wengi kuliko hapo.

Mkurugenzi Mkuu alikuwa Bwana Taib, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Kampuni yake ilikuwa na watu wanne, yeye akiwemo, chumba kimoja na kipande cha ghala pale Airport Freezone, Dubai. Watu wanne wakiachwa bila miongozo, aliamini, hugeuka kijiwe. Ndiyo maana mwaka ule alikuwa ameshatoa nyaraka kumi na tisa, na mmojawapo ulihusu kijiko cha sukari kutumbukizwa kwenye kahawa.

Suala la safari hii lilikuwa zito zaidi. Kila wiki kampuni ililipa mashirika ya ndege kwa mizigo ya vipuri iendayo Mombasa na Dar, na haikuambulia kitu isipokuwa risiti. Sasa benki moja ilikuwa inatoa kadi ya mkopo ambayo kila ukilipia kitu inakupa maili, na maili zikijaa unapanda ndege bure. Kadi zilikuwa za aina mbili, ya biashara na ya binafsi, na kamati iliagizwa kuchagua. Hadi itakapochagua, tiketi zote za likizo zilisimamishwa, ili zije zinunuliwe kwa kadi hiyo na maili zisiende bure.

Tiketi zote za likizo zilikuwa moja, ya Emiliana.

Emiliana alikuwa mama wa makamo kutoka Mbinga, aliyefunga vifurushi, akapika chai, akapokea simu. Kila baada ya miaka miwili mkataba ulimpa tiketi ya kwenda kwao, na zamu yake ilikuwa imefika. Huo ulikuwa mwezi wa nane. Binti yake Fridah alikuwa anaolewa Jumamosi ya kwanza ya Desemba.

"Sir, nitawahi lakini?" aliuliza.

"Kamati inalishughulikia," Taib alimjibu. "Mchakato haukimbizwi."

Taib hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shemeji tu. Huyo shemeji, Zayd, mwaka uliopita alitua Mombasa kwa daraja la juu, akakaa barazani siku kumi akisimulia kiti kinachogeuka kitanda, mpaka watoto wa mtaa wakaijua namba yake. Taib alikuwa amesafirisha mizigo ya watu kwa miaka kumi na minne na hajawahi kunyoosha miguu yake ndani ya ndege hata mara moja. Ilimuuma sana, na kwa kuwa alikuwa Mkurugenzi Mkuu, maumivu yake yaliundiwa kamati.

Kamati ilikutana mezani pake. Mwenyekiti alikuwa yeye. Katibu alikuwa Leah, karani wa hesabu kutoka Nairobi, na mjumbe alikuwa Chacha, mzee wa ghala kutoka Tarime, aliyemzidi Taib kwa miaka minane. Benki ilimtuma Musab, kijana wa ukoo wa Kizanzibari aliyekulia Rashidiya, papo hapo Dubai.

"Hii ya biashara hutoka kwa jina la kampuni," Musab alieleza. "Wafanyakazi wako kila mmoja hupewa kadi yake, na maili zote huwa mali ya kampuni."

"Mali ya kampuni," Taib alirudia, kama aliyeambiwa ni mali ya jirani.

"Na hii ya binafsi, maili zako mwenyewe. Kadi za nyongeza hupewa jamaa zako tu, na kila watakachonunua, hata maziwa, maili zaingia kwako. Akaunti hiyo ni ya familia. Wewe huitwa Mkuu wa Familia."

Taib aliandika maneno hayo matatu kwenye daftari akayapigia mstari.

"Sir, si hizi bill zote ni za kampuni?" Leah aliuliza. "Hiyo ya business ndio iko sawa."

"Kadi ya biashara ina urasimu, Leah."

Kura zilipigwa. Wawili walitaka kadi ya biashara na mmoja akataka ya binafsi, na kwa kuwa yule mmoja alikuwa mwenyekiti, kadi ya binafsi ilipita bila kupingwa.

Kikabaki kikwazo kimoja. Mke na watoto wa Taib walikuwa Mombasa, ilhali waliolipia mizigo uwanja wa ndege na kununua gundi ya maboksi walikuwa hawa watatu. Taib aliivuta fomu. Mbele ya jina la Chacha aliandika mjomba, la Leah akaandika binti, la Emiliana akaandika dada.

"Bwana Taib, una hakika?" Musab aliuliza.

"Sisi Waswahili undugu wetu hauna karatasi."

"Ulikuwa hauna. Tia sahihi hapa."

Kesho yake friji ilipata Waraka Namba 20. Endapo benki itapiga simu kuhakiki, neno "sir" lilikuwa limefutwa. Emiliana atasema "kaka", Leah atasema "baba", na Chacha, kwa heshima ya ujomba, atamwita Mkurugenzi Mkuu kwa jina lake kavu. Taib aliusoma mara mbili na kuridhika kwamba hakuna mwanya ulioachwa.

Dosari ndogo za utekelezaji hazikukosekana. Jumatano moja Taib alimwagiza Chacha apakie boksi la breki kwenye toroli.

"Mjomba hatumwi, Taib," alisema Chacha kwa upole, akiwa amekaa. "Lipakie, mwanangu. Taratibu, usije ukaumia mgongo."

Taib alilipakia. Maili zilikuwa zinaingia, na mtu hagombani na mjomba wake mbele ya maili.

Mwezi wa kumi na moja zilitimia maili za kiti kimoja kinachogeuka kitanda. Wiki hiyohiyo Emiliana, ambaye tiketi yake ilikuwa bado haijanunuliwa, alirudi kwa Taib na mkataba mkononi, zikiwa zimebaki siku kumi na sita kufika harusi. Taib alitafakari. Tiketi ya likizo ilikuwa gharama, na gharama ikiweza kuepukika kwa mujibu wa kanuni, kuilipa ni utovu wa nidhamu. Akatoa Waraka Namba 23: tiketi ya likizo ni haki ya mfanyakazi, Emiliana, kwa kumbukumbu za benki, ni dada, ndugu hapewi tiketi na kampuni. Alipokuwa anaubandika aliona haya kidogo, lakini sentensi zilikuwa zimekaa vizuri mno kuzifuta.

Emiliana aliusoma akiwa amesimama. Kisha akaenda mezani kwa Mkurugenzi Mkuu bila chai.

"Kaka, nimeusoma waraka. Nimeukubali."

"Nashukuru kwa ushirikiano."

"Kwa hiyo mimi si mfanyakazi."

"Kwa madhumuni ya tiketi, hapana."

"Ni dada yako."

"Ni dada yangu."

"Na Fridah ni mwanangu. Wewe ni nani wake?"

Taib alimtazama katibu, na katibu akaitazama kalamu yake.

"Mjomba," Chacha alisema kutoka mlango wa ghala.

"Kwetu binti haondoki nyumbani bila mjomba kumsimamia," alisema Emiliana. Hakuwa akitania. "Kaka yangu wa kuzaliwa tulimzika mwaka juzi. Miezi yote hii nilikuwa najiuliza nani atasimama pale. Ulipoandika ile fomu, kaka, nililia. Nikawapigia nyumbani. Jina lako limeshachapwa kwenye kadi za mwaliko."

Taib alijihisi vibaya kuliko alivyotarajia kujihisi saa za kazi. Akajikohoza, akampigia Musab. Alitaka kuhamia kadi ya biashara, leo hii, khalas, yaishe.

"Yawezekana," Musab alisema. "Ila kumtoa jamaa kwenye akaunti, fomu ina sababu mbili tu. Kifo ama talaka."

"Hakuna nyingine?"

"Benki haijui njia nyingine ya kuvunja familia, Bwana Taib."

Taib alimtazama Emiliana, ambaye alikuwa hai na ambaye hakuwahi kumuoa. Akasema basi, waraka umefutwa, Emiliana apewe tiketi yake ya kampuni, na yeye mwenyewe angekwenda Dar kwa maili zake, kwenye kiti chake cha daraja la juu, na kutoka huko Mbinga si mbali.

"Ni mbali," alisema Emiliana.

"Haufutwi," alisema Chacha, akivuta kiti. "Waraka umetolewa mbele ya mjomba wako. Leah, soma pale."

Leah alisoma kwa sauti ya kawaida. "Tiketi ya likizo ni haki ya mfanyakazi. Baba, mimi binti yako. Huyu dada, huyu mjomba. Hapa ofisini mfanyakazi amebaki mmoja tu. Ni wewe."



"Kwa hiyo tiketi ya likizo ni yako, ile ya kawaida," Chacha alimalizia. "Na maili ni za familia. Mama wa bibi harusi akae amekunja miguu, wewe mkubwa wa familia umelala? Kwenu Mombasa mnafanya hivyo?"

Taib aliitafuta kanuni ya kuwajibu. Zote zilikuwa zake, na zote zilikuwa upande wao. Akachukua kalamu, akatia sahihi maombi ya tiketi zote mbili.

Ndani ya ndege alikaa kiti cha katikati, safu ya mwisho, mgongo kwa choo. Kulia kwake alilala fundi wa mabomba, kushoto mama mwenye mtoto mwenye hasira. Pazia la mbele lilikuwa limefungwa. Saa moja baadaye mhudumu wa Kikenya, aliyeandikwa Teresiah kifuani, aliinama kwake.

"Wewe ndiye Bwana Taib? Kuna mama huko mbele amenituma. Anauliza kama kaka yake amekula, na kama miguu yake imepata nafasi."

Katika miaka kumi na minne ya kusafirisha mizigo ya watu, hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Magoti yake yalikuwa yamegusa kifua. Akaona aibu, akajifanya anatafuta mkanda.

"Mwambie imepata," alisema.

"Sawa. Amesema pia tukitua ukamshushie mabegi yake. Yeye kajilaza."

Taib alitaka kutoa mwongozo, akafunga mkanda.

"Mwambie nitayashusha."