Pazia la Mwenye Eda

Tangu lini kichwa kikatoa pesa bila kutoa damu? Elvis alijua. Yeye alikuwa dalali wa ajali: gari likigonga mtu, hufika kabla vumbi halijatua, kusaka kesi ya fidia.

Siku mlango wa lori ulipomgonga kichwa Abdulbasit, mpakuzi wa mizigo Shimanzi, wenzake walicheka. Hata tone la damu halikumtoka. Elvis hakucheka. Alilipiga picha lori, namba na mlango, kisha akangoja.

Abdulbasit akaanza kutia chumvi kwenye chai, kukimbia mwanga wa jua, na kumwamkia dadake mdogo shikamoo. Majirani wakasema jini. Tajiri wake akasema uvivu, akamfukuza.

Ndipo Elvis alipoazima kofia ya vito aonekane Mwislamu, akatuma salamu kuwa yuaja, akaenda Mji wa Kale kwa Mwanaesha, mamake kijana. Mama alikuwa kwenye eda ya mumewe, haonekani na wanaume wa nje. Elvis akaketishwa ukumbini, mbele ya pazia.

"Shikamoo mama. Najua mwenye eda hasemi na mgeni," alisema, maana dini za watu alizijua nusunusu. "Ukikubali, kohoa."

Pazia likakohoa.

"Mashallah! Sikiza basi. Mwanao mzima kama gogo, lakini kesi ya kichwa tamu kuliko halua. Mguu uliovunjika huonekana. Ubongo nani ataufungua autazame? Nna daktari wangu, ataandika lolote. Bima wakilipa, nyama yangu, mchuzi wako."

Kikohozi.

"Na bila mimi hamna kesi. Picha za lori ninazo mimi pekee. Tazama!" Akasukuma simu chini ya pazia.

Simu haikurudi. Aliyetoka ni msichana wa buibui, mafua yamembana.

"Kaka Elvis, mama mkubwa Mwanaesha yuko ndani asoma Qurani. Salamu zako zilipofika, aliniita. Mimi Lamis, wakili. Picha nimeshajitumia, na maneno yako nimeyarekodi. Mwenetu Abdulbasit hajifanyi, daktari wa kweli amempima, ubongo ulitikisika. Tulichokosa ni shahidi. Utakuja mahakamani useme ulichokiona, au twende kituoni?"

"Shahidi wa bure?"

"Bure bilashi."

Mbele ya hakimu Elvis alitota jasho. Uongo haukuwahi kumpa taabu. Kweli ndiyo iliyomkwama kooni. Aliitapika yote, na Abdulbasit akalipwa fidia, akaanza matibabu.

Mwanaesha huwaambia wenye watoto hadi leo: "Mtoto akigongwa kichwa, msingoje damu. Mpelekeni hospitali. Mkichelewa nyinyi, dalali hachelewi."